Kioo Juu ya Shaba: Kutengeneza Kidani cha Enameli kwa Mkono

Kile kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu ambacho bibi alinywea chai, na ambacho wengi wetu tunakiita kikombe cha bati, ni chuma kilichovikwa kioo. Kikianguka sakafuni kioo hubanduka, na pale palipobanduka huonekana weusi wa chuma. Kioo hicho ndicho enameli. Sonara wa Kyoto nchini Japani, wa Tbilisi nchini Jojia au wa Jaipur nchini India anapotengeneza kidani cha buluu kinachong'aa kama maji ya kina, anatumia kioo cha jamaa hiyohiyo: mchanga wa silika, boraksi, magadi, na oksidi za metali kwa ajili ya rangi. Kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani na feruzi, manganizi hutoa zambarau, na waridi iliyo bora hutokana na dhahabu.

Nimeanza na kikombe kwa sababu pengo lake lina somo zima. Kioo na metali hutanuka pamoja motoni, lakini hazisinyai kwa kiasi kimoja zinapopoa. Metali husinyaa zaidi. Karibu kila kosa utakalolifanya katika kazi hii litatokana na jambo hilo, au na uchafu. Nitayarudia yote mawili mara nyingi, nawe univumilie.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. Kuna pete za Wamisena, Wagiriki wa kale, zilizopatikana Kouklia, kisiwani Saiprasi, zenye enameli ya karne ya 13 kabla ya Kristo. Wachina walipokea njia ya kutenga rangi kwa nyaya na wakaikuza hadi ikapewa jina la mfalme Jingtai, aliyetawala kuanzia 1449 hadi 1457: jingtailan, yaani buluu ya Jingtai. Huko Kyoto, Namikawa Yasuyuki (1845–1927) alishirikiana na mkemia Mjerumani, Gottfried Wagener, hadi akapata enameli nyeusi inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Nyumba na karakana yake sasa ni makumbusho. Huko Jaipur kazi hii huitwa minakari, kutokana na neno la Kiajemi mina. Siku hizi kuna mafundi wanaofanya kazi peke yao katika karakana ndogo, kila kito kikiwa cha pekee. Mmarekani William Harper ni mmoja wa walioonyesha kwamba njia hii kongwe inaweza kusema mambo ya leo.

Njia tutakayoifuata ni ya nyaya, iitwayo kloazone. Ziko nyingine. Katika shamleve unachimba vishimo ndani ya metali na kuvijaza. Katika plikajuri unajaza vyumba visivyo na sakafu ili mwanga upenye kama kwenye dirisha la rangi, na sonara Mfaransa René Lalique aliitumia kwenye mabawa ya kereng'ende wake maarufu, aliyeko Jumba la Makumbusho la Gulbenkian mjini Lisbon. Usianze na plikajuri. Anza na nyaya.

Vitu vya kuwa navyo

Tanuri dogo la umeme linalofika nyuzi joto 900 za Selsiasi na lenye kipimo cha joto. Chumba chake kikiwa na upana wa sentimita 15 hadi 20 kinakutosha. Mlango ufunguke kwa wepesi, kwa kuwa utaufungua na kuufunga mara nyingi mno.

Enameli ya unga, ya chembe za mesh 80, ambazo ukizishika zinafanana na chumvi laini. Maduka yetu ya kawaida ya sanaa hayana. Wengi huagiza kutoka Thompson kule Kentucky, Marekani, au kutoka Limoges, Ufaransa, mji uliojulikana kwa enameli tangu karne ya 12. Soma lebo uone kama ina risasi au haina, kisha chagua upande mmoja ubaki nao, kwani enameli yenye risasi na isiyo na risasi zikiwekwa pamoja hupasukiana. Kwa anayeanza nasema bila kusita: chukua isiyo na risasi. Nunua rangi tano tu. Isiyo na rangi (mafundi huiita flaksi, lakini usiichanganye na flaksi ya kulehemu, ni vitu viwili tofauti), buluu angavu, kijani angavu, nyeupe ya kuziba, na rangi yoyote ya bei nafuu kwa ajili ya mgongo. Angavu ni ile inayopitisha mwanga hadi kwenye metali, ya kuziba haipitishi.

Bamba la shaba nyekundu lenye unene wa milimita 0.8 hadi 1. Shaba njano haifai, kwa kuwa zinki iliyomo huharibu mshikamano na kuleta viputo. Utahitaji pia waya bapa wa fedha safi, wa kimo cha milimita 1 na unene wa kama milimita 0.15. Iwe fedha safi, ya 999. Ile ya 925 ina shaba ndani yake nayo itaweusika.

Vingine ni vidogo: kibano chenye ncha kali, mkasi mdogo, brashi namba 000, chekecheke dogo la chai lenye matundu madogo sana, kigoda cha chuma cha pua kinachoshika kito kwa kingo tu, wavu wa chuma, uma mrefu wa kuingizia kitu tanurini, glavu za ngozi, na gundi maalumu ya enameli inayoungua bila kuacha masizi. Na maji yaliyokenekwa, lita kadhaa. Haya huuzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Hakikisha unachukua maji yenyewe na siyo asidi ya betri, maana chupa zake husimama rafu moja.

Kuhusu afya sina mzaha. Vumbi la enameli ni kioo kilichosagwa, na mapafu hayawezi kulitoa. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, ya daraja la FFP2 au zaidi, kila unapochekecha, hata ukiwa unachekecha kidogo tu. Futa meza kwa kitambaa kilicholowa, usifagie. Usile wala usinywe mezani hapo, na usitumie tena jikoni chekecheke lililoingia enameli. Vaa nguo ya pamba, maana nailoni huyeyukia mwilini, na miwani inayozuia miali ya joto unapochungulia tanurini. Tope la maji ya kuoshea liache lituame kwenye ndoo, usilimwage kwenye sinki.

Mchoro

Tutatengeneza korosho, lile umbo lililopinda ambalo kina mama wameliona kwenye kanga tangu utoto. Nimelichagua kwa sababu ya kiufundi. Waya ulionyooka hausimami wenyewe juu ya shaba, huanguka kwa kuguswa na pumzi. Waya uliopinda husimama. Umbo la korosho lote ni mapindo, kwa hiyo waya utakutii.

Chora duara la milimita 30 kwenye karatasi. Ndani yake chora korosho moja kubwa, ndani ya korosho chora nyingine ndogo, na pembeni vitone vitatu au vinne vya duara. Acha angalau milimita 2 kati ya waya na waya, vinginevyo brashi haitaingia. Mchoro huu uwe wa kipimo halisi, kwa sababu utapindia nyaya juu yake. Tengeneza nakala mbili: moja ya kuandikia namba za rangi, na nyingine ya kazi.

Shaba: kukata, kubinua, kusafisha

Kata duara la milimita 30 kwa msumeno wa sonara, kisha piga tupa kingo zote hadi ziwe laini. Ipashe shaba moto mpaka iwe nyekundu hafifu, itumbukize majini, na sasa itakuwa laini kama ngozi. Iweke kwenye kalibu lenye bonde na uibinue kwa nyundo ya mbao kidogo tu, kama kisahani cha kikombe kilichopinduliwa. Ubinukaji huo huipa nguvu ya kukabiliana na mvutano wa kioo. Bamba lililo bapa kabisa hupinda tanurini, na kioo chake hupasuka.

Moto umeacha weusi juu ya shaba. Uondoe kwa asidi ya sitriki, ile ya unga inayotumika kwenye vyakula: vijiko viwili vya chakula katika nusu lita ya maji ya moto. Wanaosugua sinia za shaba kwa ndimu na chumvi au kwa ukwaju wanajua tayari kinachotokea humo. Usiingize kibano cha chuma kwenye asidi hiyo, tumia cha plastiki au mti.

Shaba ikishakuwa ya waridi, isugue kwa msasa namba 400 chini ya maji ya bomba. Halafu fanya jaribio moja dogo ambalo ukiliruka utajuta. Inyanyue shaba na uitazame. Maji yakitandaa yote kama utando mmoja, ni safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, rudia. Kuanzia hapo ishike kwa kingo peke yake, kwa sababu mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuifanya enameli ibanduke pale ulipogusa.

Kuosha enameli

Hapa ndipo watu wanaposhindwa na wasijue kwamba wameshindwa. Ndani ya unga wa enameli kuna chembe nzuri za kutosha, na kuna vumbi jembamba mno. Vumbi hilo ndilo linaloifanya rangi angavu iwe na ukungu, kama kioo cha dirisha la bafuni. Nilitumia miezi nikililaumu tanuri langu kwa ukungu ambao mimi mwenyewe niliuacha ndani ya kikombe kwa uvivu wa dakika kumi.

Weka kijiko kimoja cha chai cha enameli katika kikombe kidogo cha kioo. Mimina maji ya bomba hadi nusu, koroga, hesabu hadi 20, kisha mimina kwenye chupa ya akiba yale maji ya maziwa yaliyo juu na uache chembe zilizotuama. Rudia. Mara ya kwanza maji yatakuwa kama tui. Mara ya nne yatakuwa kama maji ya mchele. Endelea hadi uone chini ya kikombe waziwazi punde tu chembe zikituama, na kwa rangi nyingine hiyo huwa mara ya nane au ya kumi. Suuza mara mbili za mwisho kwa maji yaliyokenekwa, kwa sababu chokaa ya maji ya bomba nayo huacha ukungu. Sehemu zetu nyingi za pwani zina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo hapo usifanye ubahili.

Yale maji meupe usiyatupe. Yakusanye katika chupa moja, rangi zote kwa pamoja. Yakituama na kukauka yatakupa unga wa kijivu usio na uzuri wowote, lakini unafaa sana kwa mgongo wa kito.

Rangi angavu ioshe siku unayoitumia. Za kuziba hazihitaji kuoshwa sana, mara mbili tatu zinatosha.

Tabaka la kwanza, mbele na nyuma

Rudi kwenye lile pengo la kikombe. Ukiweka kioo upande mmoja tu wa shaba, inapopoa shaba itasinyaa na kuuvuta upande huo mmoja, na kioo kitapasuka. Dawa yake ni kuweka kioo pande zote mbili, kwa unene unaokaribiana, ili mvuto wa nyuma upambane na mvuto wa mbele. Kito changu cha kwanza nilikipamba vizuri mbele, nikaweka utando hafifu nyuma. Kilipasuka kikiwa tayari mezani, baada ya kupoa nusu saa, kwa mlio mdogo kama wa kucha kugonga glasi.

Paka gundi iliyochanganywa na maji upande wa nyuma. Ukiwa na barakoa, chekecha unga wa mgongo hadi usione shaba kabisa, ukianza na kingo kisha kuja katikati, maana kingo ndizo husahaulika. Acha ukauke. Gundi itaushika. Geuza taratibu, paka gundi mbele, chekecha flaksi iliyooshwa na kukaushwa kwa namna ileile. Kiweke kwenye kigoda, kigoda kwenye wavu, na vyote juu ya tanuri vikauke hadi kusiwe na dalili ya mvuke. Unyevu ukiingia tanurini huchemka na kurusha chembe kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji.

Tanuri liwe nyuzi 815. Ingiza, funga, hesabu dakika moja na nusu, chungulia. Utaona hatua tatu. Kwanza chembe hushikana na kuonekana kama sukari. Kisha uso huwa na mabonde madogo kama ganda la chungwa. Mwisho hulainika na kung'aa. Kwa flaksi juu ya shaba subiri kidogo zaidi. Ikitoka mapema itabaki na wekundu mchafu, kwa sababu oksidi ya shaba bado imo katikati. Ikipata moto wa kutosha oksidi hiyo huyeyukia ndani ya kioo, na shaba huonekana ya dhahabu chini yake. Kwa kito cha ukubwa huu ni kama dakika mbili hadi mbili na nusu, ila matanuri hayalingani, kwa hiyo andika muda wako daftarini.

Toa, weka juu ya tofali karibu na mlango wa tanuri, mbali na feni na dirisha. Usikitie majini. Rangi itaonekana nyeusi au ya ajabu kikiwa cha moto, nayo itarudi kadiri kinavyopoa. Kikishapoa, kingo zitakuwa na weusi wa moto unaobanduka. Upige tupa au msasa chini ya maji kila baada ya kuchoma, maana kipande chake kimoja kikirukia ndani ya nyeupe kitabaki humo kama nzi kwenye maziwa.

Nyaya

Pasha moto waya wako wa fedha kidogo ili ulainike, kisha upinde kwa kibano juu ya mchoro, ukiusimamisha kwa ukingo wake. Kwa korosho, anzia kwenye ncha, zunguka, na urudi kwenye ncha hiyohiyo. Kata kwa mkasi pale ncha zinapokutana, zigusane barabara bila kupandana. Vile vitone vya duara vipindie kwenye sindano nene.

Chovya chini ya kila waya kwenye gundi, usimamishe mahali pake juu ya flaksi, na uuguse kwa ncha ya kibano hadi utulie. Kwa kuwa shaba imebinuka, hakikisha waya umefuata mbinuko huo na hauning'inii. Penye uwazi chini ya waya, rangi itapita kwenda chumba cha jirani.

Sasa sikiliza jambo ambalo limeharibu vito vingi. Fedha peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 962. Shaba peke yake, 1085. Lakini fedha na shaba zikigusana motoni huunda mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 779 tu, chini ya joto la kuchomea enameli. Waya ukizama ndani ya flaksi hadi kuigusa shaba, unaweza kuutoa tanurini ukakuta haupo, na mahali pake pana doa jeusi lenye shimo. Ndiyo sababu tabaka la flaksi haliwi jembamba, na ndiyo sababu moto wa kushikisha nyaya huwa mfupi: nyuzi 790, dakika moja na nusu, hadi flaksi iwe inang'aa tena na nyaya zimeingia kidogo tu. Ukiona waya fulani umeinuka, subiri kito kipoe, uubonyeze pole, ongeza gundi na chembe chache za flaksi miguuni pake, uchome tena. Usiubonyeze kwa nguvu kikiwa baridi, utapasua kioo.

Kujaza

Weka kila rangi iliyooshwa kwenye kijiko cha plastiki na maji kidogo ya kuifunika. Chukua chembe kwa ncha ya brashi, zikiwa zimelowa, uziteremshe ndani ya chumba. Zisukume kwenye pembe kwanza, kisha katikati. Brashi ikikauka haitashusha, ikilowa mno itamwaga, na utaujua wastani wake baada ya nusu saa ya kukosea. Gongagonga ukingo wa kito kwa mpini wa brashi na chembe zitajipanga zenyewe. Halafu gusisha kona ya karatasi ya shashi pembeni mwa chumba ifyonze maji. Usiisugue, iguse tu.

Jaza theluthi moja ya kimo cha waya, basi. Hamu ya kujaza chumba chote mara moja ni kubwa, lakini tabaka nene hunasa hewa, na viputo hivyo vitafunguka kama vishimo siku ya kusaga. Kausha, choma kwa nyuzi 790 hadi uso ung'ae, poza, safisha kingo, jaza tena. Kwa waya wa milimita 1 tarajia kuchoma mara tatu hadi tano.

Matabaka haya ndiyo utajiri wa njia hii. Kwenye korosho kubwa weka buluu nzito kwenye tumbo la umbo na uipunguze kuelekea ncha, ukiichanganya na flaksi chembe kwa chembe. Tabaka linalofuata, sogeza mpaka wa buluu mbele kidogo. Baada ya moto wa tatu utaona buluu inayofifia bila mstari wowote, na mwanga unaingia, unagonga shaba, unarudi. Rangi ya kalamu haiwezi kufanya hivyo. Korosho ndogo ijaze kijani, vitone uvijaze nyeupe, na uwanja uliobaki unaweza kuuacha wa flaksi ili shaba yenyewe ionekane ya dhahabu, au uujaze buluu nyepesi. Mimi huuacha.

Nyekundu sikuiweka katika mradi huu kwa makusudi. Nyekundu angavu juu ya fedha hugeuka rangi ya chai bila msingi wake maalumu au jani la dhahabu chini yake, na nyekundu ya kuziba huweusika moto ukizidi kidogo. Ijaribu baadaye, kwenye kibao cha majaribio. Ukweli ni kwamba kila rangi unayonunua iwekee kibao chake: kipande cha shaba chenye rangi hiyo juu ya flaksi, juu ya shaba tupu, na juu ya nyeupe. Rangi ya unga kwenye chupa hudanganya.

Kusaga na kung'arisha

Enameli ikifika juu ya nyaya au kuzipita kidogo, saga. Tumia pedi ya almasi namba 200, kisha 400, chini ya maji yanayotiririka muda wote, ukizungusha mkono kufuata mbinuko. Kausha mara kwa mara utazame. Palipong'aa hapajafikiwa, palipofifia pamefikiwa. Simama pale uso wote unapofifia na nyaya zote zinapoonekana kama mistari myembamba ya fedha.

Penye bonde, ongeza enameli, choma, saga tena. Penye kishimo, kichokoe kwa ncha ya almasi hadi kiwe wazi, uoshe, ujaze. Kisha usugue kito kizima kwa brashi ya nyuzi za kioo chini ya maji kutoa mabaki ya kusaga, ukivaa glavu kwa sababu nyuzi hizo huchoma vidole. Mabaki yakibaki humo yatakuwa madoa ya kijivu.

Hapo una njia mbili. Unaweza kukirudisha tanurini kwa dakika moja hivi kwenye nyuzi 790, kitoke na mng'ao wa kioo. Au unaendelea kwa mkono, msasa wa maji namba 600, 1000, 2000, na mwisho oksidi ya seriamu (unga wa kung'arishia kioo) kwenye ngozi, upate ung'aavu mtulivu wenye mistari mikali ya waya. Wengine huishia 600 na kuacha uso usiong'aa, kama jiwe lililolainishwa na bahari. Kwa korosho hii napenda njia ya mkono. Moto wa mwisho huikunja enameli kidogo kando ya waya, na ukipitisha kidole unauhisi.

Kukivalisha fedha

Enameli haipendi moto wa kulehemu, kwa hiyo kila kinachohitaji kulehemiwa kifanywe kwanza bila kito. Pima kito baada ya kukikamilisha, si kabla. Tengeneza ukuta wa fedha safi wenye unene wa milimita 0.3, ulehemu juu ya bamba la fedha ya 925, ulehemu kitanzi cha mkufu, safisha, ng'arisha, kila kitu. Ukuta upite ukingo wa kito kwa milimita moja tu.

Kito kiingie chenyewe kwenye kikombe hicho cha fedha, kwa uzito wake. Kikibana, punguza ukingo wa kito kwa pedi ya almasi chini ya maji, usikisukume. Weka kipande cha plastiki nyembamba chini yake kisicheze. Bandika utepe juu ya enameli kuikinga, kisha sukuma ukuta ndani kwa kisukumio cha sonara: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, halafu katikati ya hizo, kidogokidogo. Ukisukuma upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine, kito kitainuka na kupasuka ukingoni, na hiyo ni hasara ya siku nne.

Wasio na tanuri

Vito vidogo vya milimita 20 huweza kuchomwa kwa mtungi wa gesi na kichwa cha kuchomea. Weka kito kwenye wavu juu ya kigoda cha miguu mitatu na upige moto kutoka chini pekee. Ndimi za moto zikigusa enameli huipaka masizi na kuichafua rangi. Funga dirisha upepo usiingie lakini acha mlango wazi kwa ajili ya hewa, na zima taa ya juu ili uione rangi ya joto vizuri. Tumia rangi za kuziba kwa njia hii, maana zinasamehe zaidi. Faida yake kubwa ni kwamba umeme ukikatika kazi haisimami. Kama una tanuri na umeme ukakatika kito kikiwa ndani, kitoe, kipoze taratibu juu ya tofali, na ukichome upya utakaporudi.

Ukiuza kidani chako, mweleze anayekinunua asikivae akitwanga wala akiosha vyombo, asikitie kwenye mashine ya kusafishia vito kwa mitetemo, na akifute kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni. Kikianguka na kubanduka ukingo, akurudishie na asijaribu gundi ya dukani, kwa sababu mabaki ya gundi hiyo huungua na kuacha weusi ndani ya ufa. Utaufungua ukuta wa fedha kwa wembe butu, ukitoe kito, ukioshe, ujaze pale palipobanduka na kukichoma tena. Kwa hiyo fedha ya ukuta iwe ile safi na laini, na usiisukume hadi ikakakamaa.